Watoto wameboeka na darasa la Biblia? Hivi ndo mimi nabadilisha shughuli kila wiki bila kujiua

Kama unafundisha watoto Biblia utakuwa unaijua ile sura. Mtoto anakuangalia machoni kabisa, katulia, lakini ukimuuliza Daudi aliokota mawe mangapi pale kijitoni anakujibu "Yesu!" Ameshatusoma, anajua kwenye darasa letu ukijibu Yesu huwezi kukosa sana. Mimi nilikaa na hizo sura muda mrefu nikidhani watoto ndo wana shida, kumbe shida ilikuwa mimi na karatasi zangu za kupaka rangi. Stori, sala, karatasi. Wiki inayofuata stori, sala, karatasi. Siku moja nimeshika lile bunda tu, hata sijaanza kugawa, katoto ka miaka kama mitano kakasema taratibu bila ubaya wowote, "mwalimu, leo tena?"

Nikaenda nalo nyumbani hilo swali.

Sasa kosa nililofanya baada ya hapo ndo kosa ambalo walimu wengi tunafanya, nikaingia mtandaoni nikakusanya michezo mingi mno, nikawa kila wiki naleta kitu kipya kabisa, maputo, kamba, vikombe, sijui nini. Wiki ya nne nilikuwa hoi, pesa imekata, na watoto walikuwa wanakumbuka maputo tu. Ukiuliza somo lilikuwa nini wanaangaliana. Mchezo ulikuwa unatoka nje ya stori na kubaki huko huko nje.

Ninachofanya sa hivi ni kidogo zaidi na kinachosha kidogo zaidi: shughuli siitafuti nje, naitoa ndani ya stori yenyewe, kwenye kitenzi chake. Nitaeleza hatua kwa hatua, zingine fupi zingine ndefu, maana hazilingani uzito.

Hatua ya 1: Jikague wiki 4 zilizopita

Chukua karatasi, andika wiki 4 zilizopita watoto walitumia nini cha mwili wao. Masikio? Mikono? Miguu? Mdomo? Usiandike wewe ulifanya nini, andika wao walifanya nini, hapo ndo kuna uchungu. Mimi nilipojikagua nikakuta wiki zote nne ni masikio na mkono mmoja ulioshika kalamu ya rangi. Miguu haijafanya kazi mwezi mzima na bado nilikuwa nalalamika mbona hawatulii.

Hiyo tu. Ukishaona pengo liko wapi unajua wiki hii uelekee wapi.

Hatua ya 2: Soma stori ukiwa unawinda vitenzi

Hapa ndo penyewe. Kaa na Biblia yako siku mbili tatu kabla, sio usiku wa kuamkia kipindi (najua, najua), soma stori polepole na uandike pembeni kila kitendo. Nani alifanya nini. Alafu jiulize ni kitendo kipi kikiondolewa stori inakufa. Hicho ndo shughuli yako ya wiki hii, watoto wakifanye kwa miili yao.

Mfano, Msamaria mwema, Luka 10. Tumeshaifundisha mara ngapi? Lakini hebu hesabu vitenzi. Kuhani: alimwona, akapita kando. Mlawi hivo hivo, akaona, akapita. Viwili viwili. Alafu anakuja Msamaria: akamwona, akamhurumia, akakaribia, akamfunga jeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha kwenye mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akamtunza, na kesho yake akatoa dinari mbili. Mimi huwa nawaambia watoto wahesabu kwa vidole, mtu mmoja anasoma taratibu, wengine kila wakisikia kitendo wanainua kidole. Kwa kuhani vidole viwili tu. Kwa Msamaria mkono mmoja unaisha wanahamia wa pili, na hapo utasikia wenyewe wanaanza kusema "eeh mbona mingi". Sijafafanua kitu bado. Baada ya hapo nagawa vipande vya kitambaa wanafungana bandeji wawili wawili, na sheria ni moja, anayefunga haruhusiwi kuharakisha. Kipindi kizima kimetoka kwenye kuhesabu vitenzi, na vifaa ni shuka moja kuukuu lililochanwa.

Au Zakayo. Kila mtu anachukua "kupanda" maana mti unavutia, tunachora mti, tunaimba mti. Lakini ukisoma Luka 19 utaona kitenzi kinachogeuza mambo ni kushuka. "Zakayo, shuka upesi." Kupanda alipanda mwenyewe, kushuka aliitwa, tena kwa jina lake. Kwahiyo siku hiyo sikupandisha mtu popote (na usipandishe watoto kwenye viti na meza, utapata kesi). Walijificha tu nyuma ya karatasi walizochora majani, kila mmoja anachungulia, mimi napita naita jina moja moja: fulani, shuka upesi! Kile kitoto kinachokaaga mwisho kabisa na hakisemi kitu, kilipoitwa jina kilitoka mbio na karatasi ikaanguka. Wiki iliyofuata kilikuja mapema.

Vitenzi vingine vya haraka haraka vya kuanzia:

- Samweli usiku (1 Samweli 3): kusikiliza, na kukimbia kwa mtu asiyekuita
- Yeriko (Yoshua 6): kuzunguka, na kunyamaza
- Mwenye kupooza (Marko 2): kubeba
- Kondoo aliyepotea (Luka 15): kuhesabu, kutafuta
- Naamani (2 Wafalme 5): kurudia, maana alijichovya mara 7, sio moja

Hatua ya 3: Mifupa ya kipindi usiiguse

Hapa watu wananipinga ila nasimamia. Kubadilisha shughuli haimaanishi kubadilisha kila kitu. Watoto, hasa wadogo, wanapenda kujua nini kinafuata. Wimbo wa kuingilia ule ule, sehemu ya kukaa ile ile, sala fupi, stori, shughuli, mstari, kuagana. Hiyo mifupa mimi sijaigusa muda mrefu. Kinachobadilika ni shughuli, na saa ingine namna stori inavyoingia. Basi. Mtoto mgeni akija wiki ya pili tayari anajua njia, na yule mwenye wasiwasi hapati mshtuko.

Kuhusu muda: wa miaka 3 mpaka 5 mimi siwakalishi zaidi ya dakika 7 bila kuwasimamisha. Wa miaka 6 mpaka 9 dakika 10, ikizidi sana 12. Wakubwa wanavumilia zaidi ila wanavumilia tu, usidhani wanafurahia. Hizo namba ni za darasa langu, wewe angalia lako, mtoto wa kwanza akianza kulala kwenye bega la mwenzake taimu imeisha.

Hatua ya 4: Fanya kitendo chenyewe, tena kwa namba za kwenye Biblia

Usifupishe namba. Hili nimejifunza kwenye Yeriko. Mwanzoni nilikuwa nawazungusha watoto mara 7 tu wanapiga kelele tunamaliza, raha lakini somo hakuna. Ukisoma vizuri walizunguka mara 1 kwa siku kwa siku 6, alafu siku ya 7 wakazunguka mara 7. Jumla 13. Na Yoshua aliwakataza watu wasitoe hata neno mpaka atakapowaambia wapige kelele.

Kwahiyo tukafanya hivo. Maboksi katikati kama ukuta, tumepanga marefu kidogo. Siku ya kwanza: mzunguko mmoja, kimya, alafu wote wanalala chini sekunde chache, usiku umeingia. Naamsha. Siku ya pili: mzunguko mmoja, kimya, lala. Siku ya tatu wameanza kucheka cheka. Siku ya nne mmoja akasimama katikati ya njia akaniambia "mwalimu sasa tunazunguka tu?" Nikasema eeh, tunazunguka tu, endelea. Siku ya tano na ya sita wameboeka kweli kweli, na hiyo ndo nilikuwa naisubiri, maana nikawaweka chini nikawauliza, mnadhani wale watu wa Yoshua siku ya tano walikuwa wanaambiana nini usiku kwenye mahema? Majibu niliyopata hapo sitapata kwenye karatasi yoyote ya maswali. Alafu siku ya saba, mizunguko 7, tarumbeta za karatasi, kelele, maboksi chini. (Waambie walimu wa darasa la jirani mapema. Mimi sikuwaambia.)

Yaani kuboeka kwao kulikuwa ndani ya somo. Sio kila saa lazima wafurahi, cha muhimu kinachotokea mwilini mwao kifanane na kinachotokea kwenye stori.

Marko 2 pia inafaa sana kwa hili. Mwanasesere anawekwa katikati ya shuka, watoto wanne wanashika pembe nne, darasa lililobaki linasimama limebanana kama umati mlangoni, na wale wanne wanatakiwa kufika mbele bila kumwangusha. Umati hautakiwi kusukuma, unatakiwa tu usisogee. Watahangaika wee. Alafu toa mmoja, wabaki watatu, pembe moja inaning'inia, wajaribu tena uone mwanasesere anavyoteleza. Baada ya hapo soma mstari wa 5, Yesu "alipoiona imani yao", na uulize imani ya nani? Watoto wangu wengi walisema ya mgonjwa. Mmoja akasema hapana, imeandikwa "yao". Nikakaa kimya kwanza, niwaachie wabishane.

Ya kushusha kutoka juu ya dari usijaribu kwa kweli, hata kwa mwanasesere, maana ukigeuka kidogo watataka kumshusha mdogo wao.

Na Samweli: punguza mwanga, wote wamelala macho yamefumbwa, msaidizi amejificha mahali anaita jina la mtoto mmoja kwa sauti ya chini. Anayeitwa anakimbia kwa "Eli" aliyekaa kwenye kiti, Eli anasema "sikukuita, kalale tena." Mara mbili. Ya tatu ndo Eli anamfundisha kwamba akiitwa tena aseme "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Ila kama una watoto wanaoogopa giza usizime taa kabisa, funga tu mapazia.

Hatua ya 5: Jaribu nyumbani kabla

Fupi lakini imenigharimu. Stori ya mjane na mafuta, 2 Wafalme 4, nikaona nilete maji ya rangi nyekundu ili yaonekane vizuri yakimiminwa kwenye vyombo. Sikujaribu. Mtungi ulikuwa unavuja kwenye mdomo, rangi ikaenda kwenye nguo tatu, mojawapo nyeupe mpya. Nilivyokuwa namsubiri yule mama mlangoni niwe wa kwanza kumwambia, mungu wangu. Siku hizi natumia vifuniko vya chupa vikavu, vinamiminika vizuri tu na vina sauti nzuri. Na stori haikupungua kitu, kwa sababu jambo lenyewe ni kwamba mafuta yalikoma vyombo vilipoisha, sio kwamba yalikuwa na rangi.

Hatua ya 6: Mstari wa kukariri, acha kubadilisha kila wiki

Mstari mpya kila wiki ni mzigo. Wanaimba kama kasuku wakifika mlangoni wameuacha hapo. Mimi nakaa na mstari mmoja wiki 3 au 4, nabadilisha namna ya kuusema tu. Tuchukue Zaburi 119:105, "Neno lako ni taa ya miguu yangu, na mwanga wa njia yangu." Maneno 12. Wiki ya kwanza naandika kila neno kwenye kadi yake, tunazipanga sakafuni, wanasema wote, alafu nageuza kadi moja, wanasema tena pamoja na lile lililofichwa, nageuza nyingine, mpaka zote 12 zimefunikwa na bado wanasema. Wiki ya pili kadi zimechanganywa wanapanga wenyewe kwa grupu. Wiki ya tatu natoa tochi: chumba kina giza kidogo, mtoto anatembea kutoka huku mpaka kule akimulika miguuni tu, sio mbele. Anaona hatua moja. Akimaliza namuuliza uliona mlango? Hapana. Ulifika? Nimefika. Hapo neno "taa ya miguu" limeeleweka, mimi mwenyewe nililisoma miaka bila kuwaza kwamba taa ya miguuni haikuonyeshi mwisho wa safari.

Wiki ya nne wanausema kwa sauti tofauti, ya babu mzee, ya kunong'ona, ya mtu anayekimbia. Vurugu kidogo, sawa.

Kwa wadogo kabisa chagua kifupi. "Yesu akalia machozi", Yohana 11:35, maneno matatu, na wanapenda kuuliza kwanini alilia.

Hatua ya 7: Darasa la umri mchanganyiko

Wengi wetu tuna chumba kimoja, watoto wa miaka 4 na wa miaka 11 humo humo. Usitafute shughuli inayowafaa wote sawa, haipo. Tafuta kitendo kimoja chenye kazi tofauti. Kwenye Yeriko wadogo wanazunguka, wakubwa wawili wanahesabu mizunguko na kusoma Yoshua 6 kipande kipande. Kwenye Msamaria mkubwa anasoma, mdogo anainua vidole.

Ila angalizo: usiwafanye wakubwa kuwa wasaidizi wako wa bure kila wiki. Nao wamekuja kujifunza. Wape kitu kigumu chao. Mimi huwa nawapa vipimo, na hapo wanafurahi balaa. Safina ya Nuhu, Mwanzo 6:15, mikono 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu. Mkono ni kama sentimita 45, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kwahiyo wapigie hesabu: mita 135 urefu. Watoke nje wahesabu hatua uone watakavyoishiwa uwanja. Goliathi naye, mikono 6 na shibiri, inakuja kama mita 2.9, weka tepu ukutani, mara nyingi utaikuta dari kwanza. Kuna maandiko ya kale yanayosema mikono 4 na shibiri, ambayo ni kama mita 2, na mkubwa mjanja akikuuliza hilo usikasirike, mwambie ndio ipo hivo, na hata huyo wa mita 2 bado alimtisha jeshi zima.

Hatua ya 8: Kazi za mikono zirudie stori

Sijaacha kupaka rangi, ieleweke. Nimeacha kupaka rangi kusikokuwa na kazi. Swali langu ni moja, mtoto akifika nyumbani anaweza kusimulia stori kwa kutumia hiki kitu? Kama hapana kitaokotwa mlangoni na wewe mwenyewe wakati wa kufagia.

Badala ya picha iliyokwishachorwa, wape karatasi tupu na kazi moja: chora alichokiona Zakayo kutoka juu. Sio Zakayo, alichokiona. Utashangaa. Mmoja alinichorea vichwa tu, vichwa vingi vya watu kutoka juu, na kimoja kimegeuka kinaangalia juu.

Udongo wa kuchezea tengeneza mwenyewe, unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji kikombe 1 lakini usimwage yote kwa pamoja, ongeza kidogo kidogo ukikanda mpaka uache kunata vidoleni. Ukiwa na watoto 20 kila mmoja afinyange kondoo 5, mna kondoo 100. Panga wote mezani. Wakati wanaimba mtu anaficha mmoja. Alafu anza kuhesabu kwa sauti na darasa zima, polepole, mpaka 99, na usimamie hapo. Kile kimya cha baada ya tisini na tisa usikiharibu kwa kuongea. Alafu kila mtu anaanza kutafuta. Watoto wako wakiwa 10 basi 10 kila mmoja, mtachoka kidogo ila hesabu itimie. Wa chini ya miaka 3 wanaweka kila kitu mdomoni na huo udongo una chumvi nyingi mno, wakalishe na mtu mzima.

Hatua ya 9: Maswali yasiyojibika kwa "Yesu"

Mungu alimwita nani, safina alijenga nani, hayo uliza mawili ya kuamshia. Baada ya hapo uliza ambayo wewe mwenyewe huna jibu moja. Ungekuwa Samweli, mara ya tatu ungeamka kweli? Yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu aliingia kwenye sherehe au alibaki nje? (Biblia haisemi.) Ukishauliza hesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kabla hujafungua mdomo. Kumi ni ndefu kuliko unavyodhani, mimi zamani nilikuwa nafika tatu tu najijibu mwenyewe.

Na mtoto akitoa jibu la ajabu usimcheke, muulize "umelionaje hilo?" Mara nyingi ana sababu.

Mambo ya kuangalia, bila mpangilio

Zawadi kila wiki zinaharibu. Ukizoesha stika kwa kila jibu, siku stika hazipo wanagoma kujibu, nimepitia. Mashindano ya kutoana vile vile, yule anayetolewa wa kwanza kila wiki ndo yule yule, na ndo yule yule atakayekwambia nyumbani tumbo linauma.

Usimlazimishe mtoto kusoma kwa sauti mbele ya wenzie kama hujui anasoma kiasi gani. Muulize pembeni.

Kuigiza: wape wanaoona haya kazi ya sauti, upepo na mawimbi kwenye Marko 4 inahitaji watu wengi wa kupiga miguu chini na kuvuma, na yule aliyelala juu ya mto chomboni hasemi kitu kwa muda mrefu, kazi nzuri sana kwa mtoto mtulivu. Mateso na kusulubiwa mimi siwaigizishi wadogo, nasimulia tu.

Masomo yenye "baba" ndani yake nenda nayo taratibu. Kwenye darasa kuna mtoto asiyekuwa naye, au aliyenaye ila anamwogopa. Usianze na "kama vile baba yako nyumbani anavyokupenda".

Muwe watu wazima wawili kila wakati, mlango wazi, na asiende mtu mzima mmoja na mtoto mmoja mahali pa peke yao. Na uliza wazazi mapema kama kuna mtoto ana aleji ya kitu, unga, gundi, chochote.

Ukiona mchezo umekufa katikati, uue mwenyewe haraka. Sema "haya, kaeni, nisimulie mwisho wake." Usiuburuze dakika kumi kwa sababu tu ulikesha unaandaa.

Hatua ya 10: Daftari

Kila baada ya kipindi, kabla sijafika nyumbani nikasahau, naandika mistari michache. Stori gani, kitenzi gani, kiungo gani cha mwili kilifanya kazi, nini kiliharibika, na neno moja alilosema mtoto. Mwaka ukizunguka ukirudi kwenye stori ile ile huanzi sifuri, na unajua usichukue kitenzi kile kile. Ndo anuai inakotoka, zaidi ya kununua vitu.

Huu hapa ni ukurasa wangu wa wiki hii, kipindi bado hakijafika kwahiyo sehemu ya chini ni tupu:

*Yona 1 na 2. Wiki 2 zilizopita mikono na mdomo, kwahiyo sasa mwili mzima. Kitenzi: nilikuwa nimechagua kukimbia, nimebadilisha, ni KUSHUKA. Anashuka Yafa, anashuka ndani ya merikebu, sura ya 2 anashuka mpaka chini ya milima. Waanze wamesimama, kila "akashuka" wapungue: wainame, wachuchumae, wapige magoti, walale kifudifudi. Wabaki chini, kimya, nisome sala ya Yona yote, siku tatu. Mstari wa 10 samaki anamtapika, wote juu kwa mpigo (nafasi kati ya mtoto na mtoto!!). Sakafu ifagiliwe kabla. Swali: chini kabisa kule Yona alikuwa anajua yuko wapi?*

*Kilichoharibika:*

*Neno la mtoto:*